Nyayo za Mama Zilipanda Tu

Mama yangu ana matege. Sisemi yale matege ya kufichwa na gauni refu. Akisimama vifundo vikigusana, mbuzi mdogo anaweza kupita katikati ya magoti yake bila kuinamisha kichwa, na mmoja aliwahi kupita, mama akaendelea kupepeta maharage kama hakuna kilichotokea. Alipoletwa kwa baba akiwa bibi harusi, shangazi zangu walimkagua kuanzia juu hadi chini na miguu ndiyo iliyowapendeza zaidi. Walisema mwanamke wa namna hiyo ameumbwa kwa ajili ya mtelemko, hatateleza na mzigo. Kwa hiyo wakampa mzigo.

Nyumba yetu iko mgongoni mwa kilima, mbali kidogo na Iringa mjini, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Baba aliijenga pale juu kwa sababu alipenda kuona mbali. Si yeye aliyechota maji. Maji yako bondeni, na bondeni ndiko viliko vinyungu, yale mashamba madogo ya udongo wenye unyevu ambako watu wa kwetu hupata njegere, mboga na mahindi mabichi wakati mashamba ya juu yamekauka. Mama ameishika njia ile tangu usichana wake. Anashuka na jembe na ndoo tupu, anapanda na ndoo iliyojaa na mboga juu yake, na kwa miaka mingi mtoto mgongoni, mimi nikiwa mmojawapo. Baba alikufa zamani. Njia ikabaki palepale.

Goti la kulia lilipoanza kumsumbua, mimi nilikuwa nimeshahamia Mbeya, nauza vitenge Mwanjelwa. Tuliongea kwa simu. "Goti yangu inanipigia kelele," alikuwa akisema, kisha anahamia habari za mvua. Nami nikafanya kosa la kuwaeleza wenzangu sokoni. Ukitaka kujua kwamba kila Mtanzania ni daktari, taja goti mbele ya watu. Wote walikuwa na jibu moja: ute umekwisha. Goti lina ute wake, ukikauka mifupa inasuguana, na ute unarudishwa kwa bamia. Mwenye meza ya jirani akasema bamia peke yake haitoshi, lazima supu ya makongoro, ile ya kwato za ng'ombe inayoganda kama gundi ikipoa. Jirani yangu wa nyumbani, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, alinipa mafuta ya habasoda ya kuchulia. Nilivituma vyote kwa basi. Mama alikula bamia miezi na miezi. Mwisho akaniambia kwamba tumbo limelainika vizuri sana, goti liko vilevile.

Mwezi wa saba nikaenda kumwona. Kwetu huo ni wakati wa baridi na manyunyu yasiyokatika, njia zote ni matope. Asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nikatoka nje nikiwa nimejifunga blanketi, na nikamwona pale njia inapoanza kuzama. Alikuwa amegeuza uso kuelekea nyumba, jembe begani, mkono mmoja umeshika majani ya kando, anashuka kinyumenyume. Alikuwa ananitazama huku anaondoka.

"Mama, unafanya nini?"

"Nashuka."

"Mbona hivyo?"

"Hivi goti inanyamaza. Ukishuka kwa mbele inaingia kisu, hapa kwa ndani. Kwa nyuma haisemi kitu."

"Utaanguka."

"Njia hii naijua kuliko wewe unavyojua soko lako."

Nilicheka. Nikamwambia amejipatia gia ya nyuma uzeeni. Naye akacheka, akazidi kuzama kwenye ukungu, kwanza miguu, kisha kiuno, mwisho kilemba chake.

Jioni ile mama mdogo, yaani mdogo wake mama anayeishi ng'ambo ya bonde, alikuja kunisalimia. Tulipomaliza salamu alinivuta nyuma ya jiko.

"Mwambie dada aache kutembea vile," alisema. "Watu wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Umeangalia nyayo zake?"

Sikuwa nimeziangalia. Nani anaangalia nyayo za mama yake? Akanipeleka hadi mwanzo wa mtelemko akanionyesha kwa kidole. Nyayo za mama zinajulikana, kwa sababu yeboyebo zake zimelika upande wa nje kwa matege, na kwenye tope upande huo unazama zaidi. Zilikuwa nyingi, za siku kadhaa, na zote zilielekea juu. Asubuhi ameshuka kinyumenyume, vidole vikielekea nyumbani. Mchana amepanda kwa mbele, vidole vikielekea nyumbani. Hapakuwa na unyayo hata mmoja unaoshuka. Kwa anayesoma tope, na kwetu kila mtu anasoma tope, yule alikuwa mwanamke anayerudi kila siku kutoka mahali ambako hakuwahi kwenda.

"Kuna mtoto amefariki kwa homa kule kwetu," mama mdogo alisema. "Kuna ng'ombe wa mtu ametupa mimba. Sasa wanasema dada anaficha anakokwenda usiku."

"Lakini ni goti!"

"Mimi najua ni goti. Nimekua naye. Lakini wewe utarudi Mbeya, mwanangu. Mimi nitabaki na hao watu."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitaka kwenda nyumba kwa nyumba. Mama mdogo akanishika mkono, akasema nikifanya hivyo nitakuwa nimewapa uhakika, kwamba mtoto ametoka mjini kuja kumtetea. Nikameza. Mama sikumwambia kitu, nilimwomba tu atumie barabara ya kuzunguka ambayo haina mtelemko mkali. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa azunguke nyumba nzima ili aingie jikoni. Nikaondoka, na ndani ya basi moyo wangu haukutulia hadi Makambako.

Njegere zikaanza kubeba. Ndipo mama mdogo akapiga simu.

Kulikuwa na mtu aliyelaza matawi ya miiba kukatiza njia, pale kwenye kona inayokaba. Anayeshuka kwa mbele angeyaona, angeyasukuma pembeni akitukana, angeendelea na safari yake. Ndiyo maana yaliwekwa. Mtu wa kawaida angeyaona, na asiye wa kawaida angenasa. Mama alinasa. Alirudi kinyumenyume mpaka miiba ikamshika miguuni, akatupa jembe, akaporomoka hadi kwenye mfereji. Alilala pale akiita mpaka jua likapasua ukungu. Watu walikuwa vinyunguni, na sauti bondeni husafiri mbali. Hakuna aliyekuja. Mama mdogo anasema kuna mwanamke aliyesikia akainua jembe na kuhamia upande mwingine wa shamba lake, kwa sababu sauti ya namna ile haiitikiwi.

Mama mdogo ndiye aliyemtoa. Nami nikaenda nikamchukua, nikamleta Mbeya.

Hospitalini tulikutana na daktari wa mifupa, mtu wa makamo, mnene, mwenye mfuko wa karanga mezani. Kabla ya kumgusa alimwambia asimame wima, mimi nikiwa nimemshika kiuno, akamtazama miguu kwa muda kama fundi anayetazama mlango uliopinda. Kisha akaagiza mama apigwe eksirei akiwa amesimama vilevile, jambo ambalo lilimgharimu mama machozi. Picha zilipokuja alisema hakuna mfupa uliovunjika. Nikamshukuru Mungu.

"Ngoja kwanza," akasema.

Alichora miguu miwili kwenye karatasi. Kwenye mguu ulionyooka, alisema, uzito unatoka kwenye nyonga unashuka hadi kifundoni ukipita katikati ya goti, na pande zote mbili za goti zinasaidiana kubeba. Akauchora mguu wa mama. Nyonga mahali pake, kifundo mahali pake, lakini goti limeponyoka kwenda nje, na ule mstari wa uzito ukapita pembeni kabisa, upande wa ndani. Upande huo mmoja ndio ulioibeba ndoo, na mboga, na watoto, kila siku. Mwisho wa mfupa kuna gegedu, alisema, lile jeupe laini unaloliona kwenye kiungo cha kuku. Upande wa nje wa goti la mama gegedu lilikuwa bado lipo, mahali pengine limesimama vizuri kama la msichana. Upande wa ndani halikuwepo tena. Mfupa ulikuwa umekaa juu ya mfupa.

"Na likilika upande wa ndani, mguu unazidi kupinda," alisema. "Ukizidi kupinda, unazidi kulika. Vinakimbizana."

"Na ute?" niliuliza. Nilikuwa nimechemsha makongoro mengi mno kuacha kuuliza.

"Bamia ni mboga nzuri," alisema. "Kula tu."

Nikamweleza daktari habari ya kushuka kinyumenyume, nikitarajia atashangaa. Hakushangaa. Alisema wagonjwa wake wengi wa mjini hushuka ngazi vile, hasa waliopanga ghorofani, kwa sababu ukishuka kwa mbele goti hukunjwa likiwa na mzigo wa mwili mzima, na kwa nyuma linapata nafuu. Hakuna anayewafundisha, alisema, mwili unagundua wenyewe. Akasema hivyo akimenya karanga. Nililia palepale, kilio cha hasira, mpaka akaniletea maji. Ghorofani mtu anashuka kinyumenyume na majirani wanampisha. Kwetu analazwa kwenye mfereji.

Ndipo mama akauliza swali lake. Lilikuwa moja tu, na nadhani ndilo lililomfanya akubali kuja.

"Daktari, nitashuka tena kwenye kinyungu yangu?"

Daktari akaacha karanga. Akamwambia kwamba angekuja akiwa na umri wa binti yake, yaani mimi, wangeweza kuukata mfupa wa muundi chini ya goti, kuunyoosha na kuufunga kwa chuma, ili uzito uhamie upande ambao bado mzima. Sasa kilichobaki ni kubadilisha goti lenyewe kwenye hospitali kubwa, na kwa presha yake na moyo wake hangemdanganya, si jambo la kukimbilia. Hata likifanikiwa, atatembea ndani, atakwenda kanisani, atakaa bila maumivu. Lakini mtelemko ule, na tope, na ndoo kichwani, hapana.

"Kama haishuki, iache," mama alisema. "Goti ya kukalia ninayo."

Tulijaribu kumshawishi, mimi siku ile na siku nyingi baadaye, na hakubadilika. Wakati tunatoka, daktari alinitazama mimi ninavyotembea. Akasema nami nina matege yaleyale, si makubwa kama ya mama, na nisisubiri sana. Nina tarehe ya kurudi kwake ambayo nimeiahirisha na kuiahirisha. Nina sababu nyingi, na zote ni uoga.

Mama akakaa kwangu masika yote. Nyumba yangu ni ya sakafu tambarare, choo cha kukaa, maji bombani, kila kitu ambacho goti lingeomba kama lingekuwa na mdomo. Tulimpa fimbo, na daktari alisema aishike mkono wa kushoto kwa kuwa goti bovu ni la kulia, na hilo mama hakuliamini kamwe. Nikigeuka anaihamishia kulia. Alifanya mazoezi ya paja kwa wiki chache, akainua mguu na kuushusha, akainua na kuushusha, kisha akaniuliza anafanyia mazoezi safari gani. Jirani yangu alikuja kila siku kumpaka mafuta yake na kumsimulia mambo ya harusi za kwao, na mama alimpenda, lakini akiondoka tu uso ulirudi palepale. Alikaa barazani anatazama geti. Mikono yake, ambayo sijawahi kuiona imelala, ilikuwa imelala mapajani. Alikonda. Mguu wa kulia ulikonda zaidi, goti likabaki kama fundo kwenye kamba. Ilipofika kiangazi hakuweza kufika getini bila kushikwa.

"Nirudishe," alisema asubuhi moja nikimpa uji.

"Nani atakuchotea maji kule?"

"Mdogo wangu amesema atahamia kwangu."

"Na ukitaka kutoka?"

"Hapa natoka wapi?"

Nilibishana naye kwa siku kadhaa. Nililia, nikanuna, nikamwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Alikuwa akinisikiliza kwa upole wa mtu ambaye ameshafunga mizigo. Nikakubali, na niseme wazi kwamba nilikubali kwa uchungu, kwa sababu nilijua ninamrudisha kwenye nyumba yake na si kwenye maisha yake.

Gari lilitufikisha chini ya kilima na halikuweza kuendelea. Mama mdogo alikuwa ameita wanaume wa kijiji, na walikuja, wengine niliocheza nao utotoni. Walikuwa wametengeneza machela, miti miwili mirefu na blanketi lililofungwa kwa kamba, ile inayotumika kwetu kuwashusha wajawazito waliokwama na kuwateremsha marehemu kwenda makaburini. Walimwamkia, "Kamwene, mama," na macho yao yalikuwa kwenye nyasi. Mama aliitikia kila mmoja na kumuulizia watu wa nyumbani kwake. Wakamlaza kichwa kikitangulia juu, wakaanza kupanda.

Kwenye kona ile walisimama kuvuta pumzi. Miiba haikuwepo, mtu alikuwa ameshaiondoa. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Nikafunua blanketi nikawaonyesha goti. Niliwaambia hilo ndilo mchawi wao, walitazame vizuri, upande wa ndani umekwisha kwa kubeba maji ambayo hata baba zao waliyanywa walipopita kwetu na kiu. Niliwaambia daktari mzima amesema wazee wa mjini wanashuka ngazi vilevile. Niliwauliza ni nani kati yao aliyekata ile miiba.

Mwisho mmoja wao, mwenye mvi tayari, akajibu kwa sauti ya chini. "Dada, tungejuaje? Nyayo tuliziona wote."

"Mngemuuliza!"

"Waache wapumue," mama alisema kutoka kwenye machela. "Wamebeba."

Nikamgeukia. "Mama, hujui hawa walichokuwa wanasema juu yako."

"Nilijua kabla yako."

"Ulijua? Na ukaendelea kushuka vile?"

"Kwa mbele iliuma," alisema.

Walimwinua tena, wakampandisha mpaka juu. Mama mdogo alikuwa amefagia uwanja na kuwasha moto. Wakamweka mama kwenye kiti mlangoni, mahali ambapo bonde lote linaonekana. Vinyungu vya wenzake vilikuwa kijani hadi mtoni. Cha kwake kilikuwa kimeota magugu marefu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukigusa hata baada ya yeye kuondoka. Alikitazama kwa muda, akataja majina ya magugu yale kwa Kihehe, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu wageni ambao hakuwaalika.

Wanaume walipewa chai, na kwa kuwa walikuwa wameshatukanwa na bado wakapewa chai, walitamani kusema jambo zuri. Yule mwenye mvi ndiye aliyejaribu.

"Mama, ukipata nguvu kidogo tutakuja kukushusha ukaone kinyungu chako."

Mama alimtazama bila hasira.

"Siku mtakayonishusha," alisema, "mtakuwa mnaimba."

Kwetu watu huteremshwa kilima kwa nyimbo mara moja tu, na kila aliyekuwa uwanjani alikuwa amewahi kuziimba. Yule mwenye mvi akaweka kikombe chini. Mwingine, ili apate cha kufanya, akachuchumaa na kuanza kufungua kamba za machela, na mama akamwambia asihangaike kuifungua, aiegemeze tu pale ukutani.